Nyani wa Mikumi si babu yetu: Maneno yanayotupotosha kuhusu mageuko ya binadamu

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

ABIRIA wa mabasi yanayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa barabara kuu ya Morogoro–Iringa huwaona nyani wakiwa wameketi kando ya lami, wengine wakitoana chawa, wengine wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Si mara chache sauti ya utani husikika ndani ya basi: "Waangalieni babu zetu wale!"

Watu hucheka na safari ikaendelea. Hata hivyo, utani huo umebeba moja ya dhana potofu zilizoota mizizi kuhusu chimbuko la binadamu na namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi.

Dhana hizo haziishii ndani ya basi wala darasani. Mojawapo husikika katika zahanati na maduka ya dawa, pale mgonjwa wa malaria anapodai kuwa dawa haimsaidii tena kwa sababu "mwili umeizoea". Kauli hiyo inaonekana ndogo, lakini kosa lililomo ndani yake linaweza kugharimu maisha.

Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ni mahali panapofaa kuyaeleza mambo haya. Upande wa kusini iko Mikumi yenye nyani na tembo. Karibu na mji wa Kilosa kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga. Upande wa kaskazini, kati ya Dumila na Gairo, iko Mamboya, iliyo chini ya Milima ya Ukaguru yenye vyura wasiopatikana kwingineko duniani.

Mamboya ni miongoni mwa vituo vya mwanzo vya wamisionari wa Kianglikana wa CMS katika sehemu za bara, wakiwa wamefika huko karibu na mwaka 1880. Wakati huo Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka 1859, alikuwa bado hai. Alifariki dunia mwaka 1882.

Katika kitabu kingine cha mwaka 1871, Darwin alibashiri kwamba huenda chimbuko la binadamu ni Afrika. Hakuwa na mfupa hata mmoja wa kale kutoka bara hili wa kuthibitisha maneno yake. Ushahidi ulikuja baadaye sana, na sehemu kubwa yake ilitoka katika ardhi ya Tanzania.

Nyani ni binamu, si babu

Tatizo la kwanza ni la lugha. Kiswahili kina majina mengi ya wanyama hawa: nyani, tumbili, kima, mbega, ngedere na sokwe. Lakini inapofika kwenye somo la chimbuko la binadamu, majina yote hayo humezwa na moja tu, "nyani", na sentensi inayobaki vichwani ni kwamba "binadamu alitokana na nyani".

Nyani wa Mikumi, ambao watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tangu katikati ya miaka ya 1970, ni jamii ya wanyama wanaoishi leo kama sisi tunavyoishi leo. Hakuna mwanasayansi anayesema kwamba mababu zetu walikuwa wao. Kinachosemwa ni kwamba sisi na wao tuna mababu wa pamoja walioishi zamani sana.

Ushahidi wa zama ambazo njia hizo mbili zilitengana umepatikana hapa hapa nchini. Mwaka 2013 watafiti walitangaza mabaki ya wanyama wawili yaliyochimbwa katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, katika miamba yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mmoja, aliyepewa jina la Rukwapithecus, ni wa upande wa masokwe. Mwingine, Nsungwepithecus, ni wa upande wa nyani na kima.

Kwa maneno mengine, miaka milioni 25 iliyopita ukoo wa nyani na ukoo wa masokwe, ambao baadaye ulimzaa binadamu, tayari ulikuwa umeshagawanyika. Tangu hapo nyani nao wamekuwa wakibadilika kwa njia yao, sawa na sisi kwa njia yetu.

Ndugu yetu wa karibu zaidi ni sokwe mtu, yule anayeishi Gombe na Mahale mkoani Kigoma. Hata huyo si babu. Njia yetu na yake zilitengana takriban miaka milioni sita hadi minane iliyopita, na mzee wa pande zote mbili hakuwa sokwe wa Gombe wala binadamu.

Hapo ndipo linapojibiwa swali maarufu kuliko yote: kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Wakaguru, wenyeji wa Mamboya, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Watu wawili wanaweza kuwa wa ukoo mmoja kwa kuwa bibi mzaa bibi zao alikuwa mmoja, lakini hakuna anayesema kwamba mmoja wao amemzaa mwenzake. Wala hakuna anayeshangaa kwamba binamu yake yu hai ilhali yeye mwenyewe amekwisha kuzaliwa.

Wala si kweli kwamba nyani wa leo yumo njiani kuelekea ubinadamu, kwamba akipewa muda wa kutosha atavaa suruali na kupanda basi. Mageuko ya viumbe hayana kituo cha mwisho kinachomngoja kila mnyama.

Zinjanthropus naye si babu

Kosa la pili ni dogo zaidi, lakini ni la kwetu wenyewe. Watanzania wengi waliosoma historia wanaamini kwamba fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Bonde la Olduvai ni la babu yetu wa moja kwa moja.

Fuvu hilo, ambalo Mary Leakey aliligundua Julai 17, 1959, lina umri wa takriban miaka milioni 1.75 na limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Ni hazina kubwa ya taifa na ya dunia. Lakini wataalamu wanakubaliana kuwa mwenye fuvu hilo, anayeitwa leo Paranthropus boisei, alikuwa wa tawi la pembeni lililotoweka bila kuacha kizazi.

Mwaka mmoja tu baada ya ugunduzi huo, katika bonde lile lile, yalipatikana mabaki ya kiumbe mwingine aliyekuwa na ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 alipewa jina la Homo habilis. Maana yake ni kwamba Olduvai iliwahi kukaliwa kwa wakati mmoja na zaidi ya aina moja ya viumbe waliotembea kwa miguu miwili.

Hilo linaivunja picha mashuhuri ya mstari mmoja, yenye sokwe aliyeinama upande wa kushoto, wengine wakiinuka hatua kwa hatua, na binadamu aliyesimama wima upande wa kulia. Historia yetu haikuwa ngazi bali mti wenye matawi mengi, ambao mengi yamekwisha kukauka. Sisi ni tawi moja lililobaki.

Nyayo za Laetoli, zilizofichuliwa mwaka 1978 kusini mwa Olduvai, zinaongeza somo jingine. Zina umri wa takriban miaka milioni 3.6 na zinaonyesha viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Hata hivyo, ubongo wao haukuzidi sana ule wa sokwe mtu wa leo. Tulianza kusimama kwanza. Ubongo mkubwa ulikuja baada ya mamilioni ya miaka.

Uteuzi usio na mteuzi

Sasa tuje kwenye kiini cha nadharia ya Darwin, yaani uteuzi wa asili. Hapa pia neno lenyewe ni mtego. Katika magazeti yetu, kila penye uteuzi pana mteuzi: Rais huteua mawaziri, bodi huteua mkurugenzi. Msomaji akisikia "uteuzi wa asili" hujenga picha ya mtu au nguvu fulani iliyokaa mahali ikichagua nani aishi na nani afe.

Darwin mwenyewe alianza na uteuzi ambao una mteuzi, ule wa wafugaji na wakulima. Wana Kilosa wanaufahamu vizuri. Mkulima anayetenga magunzi yenye punje nzuri kwa ajili ya msimu ujao, akayala yaliyobaki, amefanya uteuzi. Kituo cha Ilonga kimefanya kazi hiyo kitaalamu kwa miongo mingi, na ndicho kilichotoa mbegu za mahindi kama Staha na TMV-1.

Uteuzi wa asili ni jambo lile lile bila ya mkulima. Unahitaji mambo matatu tu. Kwanza, viumbe wa aina moja wawe na tofauti miongoni mwao. Pili, tofauti hizo zirithiwe na watoto. Tatu, baadhi ya tofauti zimwezeshe mwenye nazo kuacha watoto wengi zaidi kuliko wenzake katika mazingira aliyomo.

Yakitimia hayo matatu, kizazi kinachofuata kitakuwa na wengi zaidi wa aina ile. Hapana aliyekusudia, hapana aliyepanga, na hapana kiumbe hata mmoja aliyebadilika mwili wake. Kilichobadilika ni hesabu: aina fulani imeongezeka na nyingine imepungua.

Ni muhimu kutofautisha hatua hizo. Tofauti mpya hutokea kwa bahati, kutokana na makosa madogo wakati wa kunakiliwa kwa chembe za urithi. Lakini kinachobaki na kinachotoweka hakiamuliwi kwa bahati. Kinaamuliwa na mazingira. Kwa hiyo wanaosema kwamba nadharia hii inadai kila kitu kilitokea kwa bahati tu wameisoma nusu.

Tembo hawakukubaliana

Mfano mmoja unatoka nchi jirani ya Msumbiji. Katika hifadhi ya Gorongosa, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwaka 1977 hadi 1992, zaidi ya asilimia 90 ya tembo waliuawa, wengi kwa ajili ya pembe zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kabla ya vita, karibu jike mmoja kati ya watano hakuwa na pembe. Baada ya vita, ilikuwa karibu nusu yao.

Habari hiyo ilipoenea, wapo walioieleza kana kwamba tembo wameamua kutoota pembe ili kuwakwepa majangili. Tembo hawakuamua chochote. Majike wasio na pembe walikuwapo tangu zamani kutokana na hitilafu katika chembe za urithi. Jangili hakuwa na haja nao, hivyo wakabaki wakazaa, na mabinti zao wakarithi hali hiyo.

Aidha, kukosa pembe si maendeleo. Tembo hutumia pembe kuchimba maji na kubandua magome, na utafiti huo unaonyesha kwamba hitilafu hiyo huua watoto wa kiume kabla hawajazaliwa. Ilikuwa faida mahali pale na wakati ule tu, mbele ya bunduki.

Mikumi nayo inaujua ujangili. Katika mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi, sensa ya mwaka 2013 ilikuta tembo wapatao 13,000, ilhali katikati ya miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000.

"Mwenye nguvu mpishe"?

Dhana nyingine ni kwamba uteuzi wa asili maana yake ni mwenye nguvu mpishe: simba amshinde swala, shujaa amshinde dhaifu. Wapo hata waliotumia dhana hiyo kuhalalisha ukoloni na kuwapanga watu kwa madaraja ya rangi.

Katika sayansi, "kufaa" si kuwa na misuli. Ni kuacha kizazi katika mazingira uliyomo. Simba hodari aliyekufa bila mtoto amefutika, na mdudu dhaifu aliyetaga mayai elfu moja anaendelea.

Misitu ya Ukaguru iliyo juu ya Mamboya ni shahidi mzuri. Milima hii ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake ya mvua imetengwa na nyika kavu kama visiwa katikati ya bahari. Viumbe waliobakia juu huko wamebadilika peke yao kwa muda mrefu.

Mwaka 2002 wanasayansi walimtangaza chura wa msituni humo na kumpa jina la kisayansi lililotokana na Kiswahili: Churamiti maridadi. Anajulikana kwa vielelezo viwili tu. Mwaka 2023 ulitangazwa ugunduzi wa chura mwingine wa Ukaguru, Hyperolius ukaguruensis, ambaye dume lake halilii.

Chura bubu ni ajabu, kwani kwa kawaida madume huimba ili kuwaita majike. Madume wa kundi la chura huyu wana vijiba kooni, na wanasayansi wanadhani huenda jike humtambua dume kwa kuvigusa. Hana sauti wala ukubwa, lakini kizazi chake kingalipo. Anachohitaji ni msitu usikatwe.

Selimundu na malaria

Hakuna mahali ambapo hesabu hii ya asili inaumiza kama katika ugonjwa wa selimundu. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watoto 10,000 huzaliwa nao nchini kila mwaka, na kwamba kati ya asilimia 13 na 20 ya Watanzania wamebeba chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo bila wenyewe kuugua.

Swali ni hili: ikiwa uteuzi wa asili huondoa yanayodhuru, kwa nini ugonjwa unaoua watoto uendelee kuwapo kwa wingi namna hii? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba chembe hiyo ilikuwa ya kawaida kwa watu wa pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, na adimu kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua selimundu. Malaria, kwa kuwaua wasio na kinga, ndiyo iliyoitunza chembe hiyo katika damu zetu.

Uteuzi wa asili, basi, hautendi haki wala hautafuti ukamilifu. Faida ya mtoto mmoja imelipiwa na maumivu ya mwingine.

Ufahamu huu una kazi katika nyumba za watu. Mtoto mwenye selimundu hajalogwa, na ugonjwa wake si laana ya ukoo wa mama wala wa baba. Amepokea chembe moja kutoka kila upande. Wazazi wawili wenye chembe hiyo, katika kila mimba, wana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinaweza kuwaambia mapema, kabla ya lawama kuvunja ndoa.

Si mwili uliozoea, ni vimelea vilivyochujwa

Turudi sasa kwa mgonjwa wetu anayesema mwili wake umezoea dawa. Wenye umri wa makamo wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu iliyowawasha wengi mwili mzima. Ilikuwa nafuu na ilitibu malaria kwa miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea sugu vilianza kuripotiwa Afrika Mashariki, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ikahamia kwenye SP. Hiyo nayo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 tukaingia katika dawa ya Mseto.

Kama kweli ni mwili unaozoea, basi mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja klorokwini angepona mara moja kwa dozi yake ya kwanza. Haikuwa hivyo. Watoto walikuwa wakishindwa kupona kwa dozi yao ya kwanza kabisa, kwa kuwa mbu alikuwa amewaletea vimelea ambavyo tayari vilikuwa sugu.

Kilichotokea ni uteuzi wa asili, ule ule wa tembo wa Gorongosa. Miongoni mwa mamilioni ya vimelea ndani ya damu, vichache vilikuwa na tofauti iliyoviwezesha kustahimili dawa. Dawa iliua vingine vyote ikaviachia nafasi. Vikazaliana, mbu akavibeba, na baada ya miaka vikatapakaa nchi nzima.

Malawi inatoa ushahidi wa upande wa pili. Nchi hiyo iliacha klorokwini mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba dawa hiyo ilikuwa imerudia kuponya karibu wagonjwa wote waliojaribiwa. Mara dawa ilipoondoka, usugu haukuwa tena na faida, na vimelea visivyo sugu vikatawala upya.

Sasa Mseto nayo imo majaribuni. Mwaka 2024 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walichapisha ushahidi wa kuwapo mkoani Kagera kwa vimelea vinavyochelewa kuondoka katika damu ya mgonjwa aliyetumia dawa za jamii ya artemisinini. Katika utafiti huo Mseto bado iliwaponya walio wengi, lakini hiyo ndiyo njia ambayo klorokwini nayo ilianza kuipita.

Kwa hiyo anayeamini kwamba mwili umezoea dawa hufanya mambo mawili ya hatari. Hubadilisha dawa ovyo bila kupima, au humeza nusu dozi ili "asiizoee". Mseto humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Anayeishia siku ya kwanza kwa sababu homa imeshuka anaweza kuvibakizia uhai vile vimelea vyenye ustahimilivu kidogo, na hatavibakiza kwa ajili yake mwenyewe tu; mbu atavipeleka kwa jirani.

Ndivyo ilivyo pia kwa viuavijasumu vinavyonunuliwa kwa kila mafua. Mafua husababishwa na virusi ambavyo dawa hizo haziviui. Zinachofanya ni kuwachuja bakteria wengine waliomo mwilini na kuwabakiza walio sugu.

Mageuko hayajaisha

Wapo wanaokubali yote hayo lakini wakadhani kwamba kwa binadamu mambo yalikwisha zamani. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na glasi ya maziwa inatosha kujibu hoja hiyo.

Kwa kawaida mnyama anyonyeshaye hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa baada ya kuachishwa ziwa. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Lakini utafiti uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2006, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, uligundua badiliko la chembe za urithi linalowawezesha jamii nyingi za wafugaji kunywa maziwa ukubwani bila kuumwa tumbo. Badiliko hilo linakadiriwa kutokea kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, na ni tofauti na lile la watu wa Ulaya Kaskazini, ijapokuwa yote mawili hufanya kazi ileile.

Hapa pia hakuna wa juu wala wa chini. Ng'ombe walipokuja, maziwa yakawa chakula, na walioweza kuyatumia wakaacha watoto wengi zaidi. Pasipo ng'ombe badiliko hilo halina maana yoyote.

"Ni nadharia tu"

Hoja ya mwisho ni kwamba haya yote ni nadharia. Katika mazungumzo yetu, nadharia ni kinyume cha vitendo, jambo la vitabuni lisilothibitishwa. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi yakasimama. Kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo ni nadharia, na hakuna anayekataa kunawa mikono kwa sababu hiyo.

Kuhusu imani, wapo Wakristo na Waislamu wanaoyakataa mageuko ya binadamu, na wapo wanaoyapokea bila kuiacha dini yao. Oktoba 22, 1996, Papa Yohane Paulo II alisema kwamba mageuko ni zaidi ya dhana ya kukisia, huku akisisitiza kwamba roho ya binadamu inatoka kwa Mungu. Sayansi inaeleza jinsi viumbe wanavyobadilika. Swali la kwa nini kuna viumbe kabisa haliko maabara.

Kila mtu ana uhuru wa kuamua moyoni mwake kuhusu nyayo za Laetoli. Lakini vimelea vya malaria havingoji uamuzi huo. Vinaendelea kuchujwa Kagera, Kilosa na kila penye mbu, kwa kila dozi iliyoachwa nusu.

Hivyo basi, msomaji, siku utakapopita Mikumi na kumsikia mtu akiwaita nyani babu zake, mcheke naye kisha mwambie ni binamu. Na siku utakaposikia mgonjwa akisema mwili wake umezoea dawa, usicheke. Mwambie akapime, na akipewa Mseto, aimalize.